Sufuria Ndogo

Jikoni mwa shule palikuwa na sufuria mbili, na watoto wa bweni walizijua kama walivyoijua kengele. Ile kubwa ilikuwa ya watu mia mbili, nyeusi kama dhambi, imepigwa viraka hadi fundi wa mwisho wa Lodwar akakataa kuigusa, akisema hapana tena mahali pazima pa kushikiza kiraka. Ile ndogo ilikuwa ya wagonjwa. Mtoto akionekana akinywa uji wake, alitaniwa wiki nzima, na kiongozi wa utani alikuwa mpishi mwenyewe.

"Malaria gani hii, Asekon, inayojua ratiba? Inakuja siku ya hesabu tu!"

Huyo ndiye Mama Ajwang. Alizaliwa kando ya ziwa kubwa la Nyanza, akaletwa Lodwar na mume aliyekuwa askari jela. Mume akapata uhamisho na mke mpya kwa mpigo mmoja, akaondoka navyo vyote viwili. Mama Ajwang akabaki na jua. Mtu aliyeachwa Lodwar bila nauli ana mambo mawili ya kufanya, kulia au kupika. Yeye alipika, na miaka minane baadaye alikuwa bado anapika.

Mwaka ule wa 1979 maharagwe yalikatika. Lori la kutoka Kitale lilikuja Januari, likaja Machi limejaa nusu, kisha likawa hadithi. Kamati ya shule ikakaa, ikanywa chai, ikaamua: samaki. Kalokol, kando ya ziwa, ni jirani, mbuta na ngege wa kukaushwa wamejaa huko, bei ni nafuu, na damu ya mtoto inahitaji nguvu. Mzigo wa kwanza uliposhushwa, Mama Ajwang alikaribia kucheza. Aliinua ngege mmoja aliyepasuliwa, akamnusa kama anavyonuswa mtoto mchanga.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Wainaina, mtu wa Murang'a, alimtazama yule samaki kama aliyeletewa mamba. Akarudi ofisini. Chakula chake cha mchana kiliendelea kuwa kabichi.

Siku ya kwanza ya samaki, mstari ulikwenda vizuri hadi zamu ya Akeno. Akeno alikuwa darasa la saba, mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyobaki na alama nyeupe ya shanga alizovuliwa alipoingia bwenini. Alikuwa amewashinda wavulana wote katika mtihani wa majaribio, na Mwalimu Wainaina alikuwa amekwisha kumtaja kwa ofisa elimu mara tatu.

"Ugali tu, Mama," alisema.

"Ugali mkavu? Utakukwama shingoni hapo, na shingo yenyewe ndefu, hatutajua umekwama wapi."

"Ugali tu."

"Samaki amekukosea nini? Amekuvuta nywele?"

Watoto walicheka. Akeno hakucheka. Alisema polepole, kama anayejibu swali la darasani, "Baba yangu bado ana ng'ombe."

Kicheko kilikatika. Watoto wawili nyuma yake, nao wa wafugaji, wakatazama sahani zao zenye samaki kisha wakatazama chini.

Jioni Mama Ajwang alimuuliza Ethuro, bawabu wa shule, mzee wa Kiturkana aliyekuwa akimletea maji.

"Ni deko lile?"

"Si deko," Ethuro alisema. "Kwa mchungaji, samaki ni chakula cha mtu aliyeishiwa. Anayekula amesema mbele ya watu kwamba zizi lake ni tupu. Na kama zizi halijawa tupu, basi ameliita neno hilo lije liwe kweli. Baba yake, Longor, ni mtu wa Kakuma. Alipomtoa mtoto kuja shule alimtemea mate ya baraka kichwani, akamwambia: kula vyao vyote, lakini kile usile maadamu nina mnyama."

"Ala! Mimi nimekula samaki kabla sijaota meno. Baba yangu alifilisika mara ngapi?"

"Wewe si mtu wa hapa. Kwako samaki ni samaki."

"Na kwake?"

Ethuro alijitwika debe tupu. "Kwake ni habari."

Basi Akeno akaishi kwa ugali mkavu na chai ya rangi. Jumamosi aliteremka mto Turkwel kuokota matunda ya mikoma, akayatafuna hadi ufizi ukatoka damu. Mama Ajwang alimtania, kisha akamfokea, kisha akambembeleza. Alimwibia yai moja la kuku wa Mwalimu Wainaina, lakini kuku mwenyewe alikuwa akitaga kama anayelipa kodi, mara moja kwa muda mrefu. Mwezi wa Juni, asubuhi, watoto wamejipanga kuimbia bendera, Akeno akaanguka.

Alilazwa kwenye benchi la ofisi. Mwalimu Wainaina alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Akianguka tena namrudisha kwao. Shule si zahanati. Nikipata maiti hapa ofisa atamuuliza nani, wewe?"

"Mwalimu, huyu ndiye mtoto wako wa kwanza darasani."

"Ndiyo maana nasema ale. Nimemfundisha, nimemchapa, nimemnunulia kitabu cha mazoezi kwa mfuko wangu. Kazi yangu ni kichwa, Mama Ajwang. Kazi yako ni sufuria."

"Na hicho kichwa kimekaa juu ya nini? Juu ya hewa? Hujamuuliza kwa nini hali. Wewe mwenyewe samaki hujaonja."

"Mimi ni mtu mzima, na nina kabichi yangu." Hakugeuka. Alikuwa mtu mwenye haya zake, na masikio yake yalikuwa yamewiva. "Mara moja tu, nimesema. Akianguka mara moja tena."

Mama Ajwang alirudi jikoni akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa ameona njaa za kila aina, ya kukosa, ya kunyimwa, na hata ya mume kurudi na harufu ya pilau ya mwanamke mwingine. Njaa ya kuchagua alikuwa hajaiona. Nayo inaua kama zile nyingine, alijua. Akainuka.

Alichukua ngege watatu, akawabanika juu ya makaa hadi wakawa wakavu kama majani, akatoa miiba yote, akatwanga, akachekecha kwa kitambaa cha leso. Ukatoka unga laini wa rangi ya mchanga. Akaukoroga na unga wa mahindi katika sufuria ndogo, akakamua ukwaju mwingi mno ili harufu izame. Akaonja. Akaongeza ukwaju.

"Uji wa wagonjwa," alimwambia Akeno. "Amri ya mwalimu mkuu."

Akeno alishika kikombe kwa mikono miwili. Alinusa. "Umetia nini, Mama?"

"Ukwaju."

"Na nini?"

"Na mapenzi ya mama mzee. Kunywa, yasipoe."

"Hakuna samaki?"

Hapo ndipo. Mtoto alikuwa ameuliza waziwazi, macho makavu, kama mtu anayeuliza njia. Mama Ajwang angeweza kugeuza utani. Alikuwa na utani elfu. Lakini aliona jinsi ile mikono iliyoshika kikombe ilivyobaki mifupa, akasema, "Hakuna."

Akeno akanywa.

Alikunywa Juni, akanywa Julai, akarudi kutoka likizo ya Agosti akanywa tena. Mashavu yakarudi mahali pake. Asubuhi alikuja jikoni mwenyewe, akikaa juu ya kuni, akimsomea Mama Ajwang maswali ya jiografia.

"Mji mkuu wa Zambia?"

"Nitajulia wapi? Kwani wananunua samaki?"

"Lusaka!"

"Basi nami najua mji mkuu wa jiko hili. Ni hapo ulipokaa. Toka, nataka kuni."

Mwezi wa Septemba alipata alama ambazo shule ile haikuwahi kuziona. Mwalimu Wainaina alizibandika ukutani. "Nidhamu," aliwaambia walimu wenzake. Mama Ajwang alisikia, akacheka peke yake hadi akajifuta machozi kwa leso ileile ya kuchekechea.

Longor alifika katikati ya Oktoba, kwa miguu. Ethuro ndiye aliyemwona kwanza langoni, naye hakumsalimu kwa sauti kubwa kama desturi. Alisema tu, "Ejok," chini chini, kama anayesema msibani. Longor alikuwa mtu mrefu mwenye nguo moja begani, fimbo, na kile kiti kidogo cha mti ambacho mchungaji hukikalia mchana na kukilalia usiku. Hakuwa na kingine.

Walikaa nje ya jiko, penye kivuli cha ukuta, kwa kuwa Akeno hakutaka bweni lisikie. Longor alisema maneno machache. Akeno hakulia. Ethuro ndiye aliyemweleza Mama Ajwang baadaye: wavamizi walivuka mpaka, mwaka huu wana bunduki mpya, wamechukua ng'ombe, ngamia, mbuzi, punda. Walichoacha ni vumbi. Uvamizi ulikuwa mwisho wa Septemba.

Longor alinyoosha mkono kuelekea sufuria kubwa, akasema neno moja fupi.

"Baba anasema nile," Akeno alisema.

"Ule nini, mwanangu?"

"Samaki. Anasema sasa sisi ni watu wa samaki. Anasema nisife kwa heshima ya kitu ambacho hakipo."

Saa ya chakula Akeno alisimama mstarini na sahani yake. Hakuna aliyemcheka. Mama Ajwang, kwa miezi mitano, alikuwa ameiota siku hiyo, na sasa kijiko kilimlemea kama jembe. Alimchagulia kipande cha tumboni, kinono, kisicho na miiba. Akeno alikaa karibu na baba yake, akamega, akatia mdomoni.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Kisha akamaliza, akameza, akainuka na sahani yake, akaja hadi mlangoni mwa jiko.

"Hii naijua," alisema.

Mama Ajwang aligeukia sufuria, akakoroga.

"Tangu lini?"

"Ulikuwa unaanguka, Akeno. Angekufukuza."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu Juni."

Mtoto wa hesabu alihesabu. Ilionekana usoni, Juni, Julai, Septemba. Akaiweka sahani juu ya jiwe, polepole, ili isitoe mlio. "Kumbe nilisema mimi," alisema. "Baba alikuwa na ng'ombe, na mimi nilikuwa nasema hana. Kila asubuhi."

"Upuuzi! Mtu wa bunduki ng'ambo ya mpaka atajuaje kilicho katika sufuria yangu?"

Akeno hakubishana. Hilo ndilo lililomtisha Mama Ajwang, kwa sababu mtoto anayebishana bado yuko ndani ya maneno yako. Kesho yake, kengele ilipolia, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, sare imekunjwa juu yake, na Ethuro alisema amemwona akiifuata barabara ya Kakuma nyuma ya baba yake. Baba alikuwa anageuka geuka, anamwonyesha shule kwa fimbo. Yeye anatazama chini na kutembea.

Mwalimu Wainaina aliambiwa kila kitu, pamoja na yai. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wiki mbili na nusu kabla ya mtihani," alisema. "Ungeniambia tu kwamba ni ahadi kwa baba yake. Ningetafuta hata dengu."

"Ungeniuliza, Mwalimu."

Wakatazamana, watu wawili wenye makosa, kila mmoja akilipima la mwenzake akiona ni zito kidogo kuliko lake. Mwalimu akampa ruhusa ya siku moja kwenda Kakuma. Lakini lori la kwenda huko lilikuwa limevunjika ekseli Kalokol, na siku zikapita likisubiri chuma, na lilipoondoka zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya mtihani.

Kakuma ilikuwa maduka machache, misheni, na ule mto mkavu wa Tarach. Watu waliovamiwa walikuwa wamejenga vibanda vya matawi ng'ambo ya mto. Mama Ajwang alimkuta Akeno amekaa nje ya kibanda kimojawapo na mdogo wake wa kiume mapajani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, kichwa kikubwa, macho yaliyozubaa. Akeno alikuwa amevaa ngozi. Shanga hakuwa nazo.

"Ejok, Mama," alisema kwa adabu. Ile adabu iliuma kuliko tusi.

Longor alimkaribisha, akampa kile kiti chake, yeye akachuchumaa. Mama Ajwang alikuwa amelikariri neno lake njia nzima, na sasa alilitoa lote kwa pumzi moja: kwamba mkosaji ni yeye, kwamba mtoto aliuliza na akadanganywa, kwamba kama kuna laana imshike aliyekoroga na si aliyekunywa. Akeno alitafsiri. Alitafsiri kila kitu bila kupunguza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya jirani.

Longor alisikiliza, akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno ya furaha.

"Anasema ng'ombe wamechukuliwa na bunduki," Akeno alitafsiri. "Anasema bunduki haina masikio. Anasema ameniambia hivyo tangu Lodwar, na mimi sina kosa."

"Umesikia basi!"

"Nimesikia. Nimekutafsiria mwenyewe." Akamweka mdogo wake begani. "Lakini si yeye aliyekunywa."

Longor akasema tena, sasa taratibu, akigusa kifua chake na paji la uso. Akeno alikawia kutafsiri.

"Anasema ipo dawa. Mbuzi wa baba akichinjwa, yale majani yaliyo tumboni mwake baba anampaka mtoto, hapa na hapa, na neno linatoka. Anasema angekuwa na mbuzi hata mmoja, ningekuwa shuleni leo."

Mama Ajwang alikuwa amekwisha kusimama.

Alizunguka maduka yote ya Kakuma. Mbuzi hawakuwapo, kwa kuwa watu waliovamiwa hawauzi, na wasiovamiwa wanaficha. Alipompata mmoja kwa mwanamke mmoja karibu na misheni, alimpa mshahara wa mwezi na leso kutoka kichwani, akarudi kichwa wazi juani akimvuta kwa kamba. Mbuzi huyo alikuwa jike, mwekundu, aliyefiwa na kitoto chake juzi. Njiani alisimama kila hatua kumi kulia.

"Jike atafaa?" aliuliza akitweta. "Mwambie nimempa. Ni wake sasa, si wangu."

Longor alimpapasa yule mbuzi mgongoni, kwa vidole vilivyokuwa havijagusa mnyama wake mwenyewe mwezi mzima, akafumba macho. Kisha akasema jike atafaa, akachomoa kisu kutoka kwenye ala, akakinoa juu ya jiwe. Akeno alisimama tayari mbele yake, kifua wazi, mikono imeshuka. Kwa mara ya kwanza tangu ile sahani, uso wake ulikuwa wa mtoto. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mama Ajwang aliona, au alitaka kuona, kwamba anakariri jiografia.

Mdogo wake alikuwa ameachwa chini. Alitambaa mchangani hadi kwa mbuzi, akashika titi lililojaa kwa mikono miwili, akalitia mdomoni.

Mbuzi, naye aliyefiwa, alitulia tuli. Ilisikika sauti ya kumeza.

Longor alishusha kisu. Alimtazama binti yake, akasubiri. Uamuzi ulikuwa umewekwa mikononi mwa binti, na kila mtu pale alijua.

"Usichinje," Akeno alisema. Alisema kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili, ili Mama Ajwang asihitaji mkalimani.

"Basi twende hivyo hivyo!" Mama Ajwang alimshika mkono. "Baba hakulaumu. Mbuzi abaki, wewe uje. Siku nne, Akeno. Mtihani wenyewe siku mbili. Sare yako nimeifua."

"Huko nitakula nini?"

"Nitakupikia kingine. Mwalimu ameahidi dengu. Kwa mkono wangu, mwanangu, samaki hatakaribia sufuria yako. Nakuapia."

Akeno alimtazama, bila hasira, karibu kwa huruma. "Hata siku ile ulisema hakuna."

Kisha akaongeza, kama anayemfundisha mtu mpole asiyeelewa haraka, "Kama angekuwa hana kitu, ningeweza kuja, kwa sababu hakuna tena cha kupotea. Lakini sasa baba ana mnyama. Nikikosea tena, huyu naye atakwenda, na huyu mtoto anakunywa nini?"

Mama Ajwang alitafuta jibu. Alitafuta katika utani wake wote elfu na katika miaka yake yote ya kupigwa na kuinuka, akakuta kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mbuzi kwa kamba.

Ng'ambo ya mto, mbele ya maduka, lori la Lodwar lilipiga honi. Akeno alimwondoa mdogo wake taratibu, akachukua kikombe cha bati, akapiga magoti mchangani. Mbuzi akarusha teke.

"Nishikie mguu, Mama," alisema. "Huu wa nyuma. Usimuumize."

Mama Ajwang alipiga magoti upande wa pili, akaushika. Maziwa yakaanza kupiga chini ya kikombe, kidogo kidogo, kisha yakalainika. Lori likapiga honi mara ya pili, dereva akiita abiria wa mwisho. Mama Ajwang hakuuachia mguu.